Chombo na Mnakili: Historia Fupi ya Uteuzi wa Vyombo vya Kuhifadhia Maandishi na Sauti za Kiswahili

1. Utangulizi

Makusudi ya makala haya ni kujaribu kulijibu swali ambalo kila idara ya lugha hulikabili, ijapokuwa ni nadra kuandikiwa: matini na sauti tulizozikusanya tuziweke katika chombo gani ili wajukuu wetu wazikute, na wakizikuta waweze kuzisoma? Siku hizi swali hili aghalabu humwendea muuzaji wa vifaa vya kompyuta, naye hulijibu kwa kutaja bei na ukubwa. Muuzaji hana kosa, maana hiyo ndiyo kazi yake. Lakini swali lenyewe ni la historia kabla ya kuwa la ufundi. Chombo kinachosemekana kuwa kitadumu miaka 100 hakiwezi kujaribiwa hadi mwisho katika maisha ya mtafiti mmoja. Njia tuliyo nayo ni kuangalia ni vyombo vipi vilivyotufikishia urithi tulio nao leo, ni vipi vilivyotuangusha, na kwa sababu gani.

Nitaanza na karatasi za pwani ya Afrika Mashariki, kisha nifuate filamu, kanda za sumaku na vyombo vya kompyuta, na mwisho nipendekeze vipimo vya kuchagulia. Hoja yangu kuu ni kwamba uimara wa chombo ni sehemu ndogo tu ya uaminifu wake. Maandishi ya Kiswahili yaliyotufikia yamefika kwa sababu palikuwapo mtu wa kuyanakili, mtu wa kuihakiki nakala, na mtu aliyejua kuisoma. Palipokosekana mmoja wa hao watatu, ubora wa chombo haukusaidia kitu. Nitajaribu kuonyesha kuwa kanuni hiyo haikubadilika zilipokuja data za kidijitali. Kilichobadilika ni kwamba muda tunaopewa wa kunakili umekuwa mfupi zaidi.

2. Karatasi na mnakili

Barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno waliokuwa Msumbiji na kwa washirika wao. Leo barua hizo haziko Kilwa wala Msumbiji. Zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, Bara Hindi, mji uliokuwa makao makuu ya dola ya Wareno katika bahari hii. Zimedumu kwa zaidi ya miaka 300 katika mji wenye joto na mvua nyingi, hali ambayo mtu wa pwani yetu anaifahamu vyema. Karatasi zake hazikuwa na ubora wa ajabu. Zilichokuwa nacho ni afisi, yaani watu walioajiriwa kuzipokea nyaraka, kuziandikisha na kuzitunza kizazi baada ya kizazi. Hata utawala wa Wareno ulipokoma huko mwaka 1961, hifadhi iliendelea. Hii ndiyo njia ya kwanza ambayo maandishi hudumu, nayo ni taasisi isiyosahau.

Njia ya pili tunaiona katika visiwa vya Lamu na Pate. Huko hapakuwa na hifadhi ya serikali, bali palikuwa na wanakili. Mji wa Siyu ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa kunakili misahafu, na katika miji mingine ya visiwa hivyo tendi na kasida zilinakiliwa majumbani na misikitini kwa wino na kalamu ya mwanzi, juu ya karatasi zilizoletwa na majahazi kutoka ng'ambo. Karatasi hizo zilikuwa na maadui wengi: mchwa, unyevu, chumvi ya hewani na mikono ya wasomaji. Mwenye mswada alijua kuwa hautamzidi umri kwa mengi, na kwa hiyo alinakili. Tuchukue mfano wa Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Tunausoma leo kwa nakala za watu waliokuja baada yake, na toleo la William Hichens la mwaka 1939 lilitegemea nakala za namna hiyo. Nakala hizo zinatofautiana kwa idadi na kwa mpangilio wa beti. Utungo uliokoka, lakini si bila ya kuguswa.

Hapa ndipo linapoingia suala la uhakiki, ambalo watunzi wa zamani walilifahamu kuliko tunavyodhani. Mtunzi wa utendi mara nyingi huzitumia beti za mwisho kutaja jina lake, tarehe ya kutunga, na idadi ya beti alizozitunga. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuzichukulia beti hizo kama ada ya utanzu. Ukizitazama kwa jicho la mnakili, zina kazi nyingine: mwenye nakala mpya akihesabu beti na kuziona pungufu, anajua papo hapo kwamba kuna ubeti ulioanguka njiani. Vina na mizani navyo hufanya kazi hiyo katika kiwango cha kipande, kwa kuwa mshororo uliopotewa na silabi hujitangaza wenyewe kwa sikio. Tungo zinazofuata mpangilio wa alifu hadi ye hulinda mfuatano wa beti, kwani ubeti wa jimu haufichiki ukikosekana. Sidai kwamba mambo haya yalibuniwa kwa sababu ya uhifadhi tu. Ninalosema ni kwamba yaliusaidia, na kwamba utanzu uliobeba kipimo chake ndani yake ulikuwa na nafasi bora ya kufika salama.

Njia ya tatu ni ya kumbukumbu ya watu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mashairi yake mengi yalikusanywa kutoka vinywani mwa wazee na Mwalimu Sikujua bin Abdalla al-Batawi, aliyefanya kazi hiyo pamoja na W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zilifika London, Hichens akatoa diwani mwaka 1940 huko Johannesburg, na Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mpana mjini Nairobi mwaka 1979. Msomaji na auhesabu mlolongo huo: kichwa cha mzee, karatasi ya Mwalimu Sikujua, sanduku la maktaba, kitabu, kisha kitabu kingine. Hakuna hata chombo kimoja kati ya hivyo kilichomfikisha Muyaka kwetu peke yake. Na lau Mwalimu Sikujua angechelewa miaka 20, mlolongo ungekatika kabla ya kuanza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo karatasi hutufundisha. Hati za Kiarabu hazikuwa na herufi za kutosha kwa sauti zote za Kiswahili. Herufi moja iliweza kusomwa p au b, na e ikaandikwa sawa na i. Aliyeulelewa utungo alisoma bila taabu. Asiyeujua alibaki akikisia. Tena leo wasomi wa Kiswahili wanaoweza kuisoma hati hiyo ni wachache kuliko zamani. Mswada unaweza kuwa mzima, wino wake ukiwa mweusi kama siku ulipoandikwa, na bado usiseme kitu kwa anayeushika. Hii ni hatari tutakayoikuta tena mbele katika sura nyingine kabisa.

3. Filamu na ukanda wa sumaku

Karne ya 20 ilileta vyombo viwili ambavyo vilitumiwa sana na vyuo vyetu. Cha kwanza ni filamu ndogo, ambayo hupiga picha ukurasa mzima na kuupunguza. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na katika miaka hiyo hiyo ya 1960 sehemu kubwa ya nyaraka zake ilipigwa filamu na nakala zake kupelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Filamu ya madini ya fedha iliyo juu ya plastiki ya poliesta, ikisafishwa vizuri na kuwekwa pakavu na baridi, hukadiriwa kudumu miaka 500. Sifa yake kubwa zaidi ni kuwa huhitaji mwanga na kioo cha kukuzia tu. Hata mitambo yote ya kusomea filamu ikitoweka, fundi yeyote mwenye lenzi anaweza kuunda mwingine. Hata hivyo si kila filamu ni ya poliesta. Zile za asetati, zilizotangulia, huoza zenyewe kwa joto na unyevu, zikajikunja na kutoa harufu ya siki. Mtunza nyaraka anayeisikia harufu hiyo katika kabati anajua kwamba muda wa kunakili umekaribia kwisha.

Chombo cha pili ni ukanda wa sumaku. Kampuni ya AEG iliuonyesha mtambo wake wa kurekodia Berlin mwaka 1935, na mwaka 1963 Philips ikatoa kaseti ndogo ambayo mtafiti aliweza kuitia mfukoni. Kwa watu wa fasihi simulizi kaseti ilikuwa neema. Sauti ya mshairi, mgani au mzee wa ukoo iliweza kuhifadhiwa pamoja na kiimbo chake, mapumziko yake na vicheko vya waliomsikiliza. J. W. T. Allen alipotoa Leiden mwaka 1970 katalogi ya mkusanyo wa maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliziorodhesha kanda za sauti bega kwa bega na miswada ya Kiswahili na Kiarabu. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani aliitambua sauti kuwa ni waraka.

Lakini ukanda una udhaifu ambao karatasi haina. Chembe za sumaku zimeshikwa kwenye plastiki kwa gundi, na gundi iliyotumiwa katika kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hufyonza unyevu wa hewa, ikalainika na kunata. Ukanda kama huo ukipitishwa katika mtambo huacha utando kwenye vichwa vya kusomea, na sauti huondoka pamoja na utando. Mafundi hulazimika kuuoka ukanda kwa saa kadhaa katika joto la nyuzi 50 hivi ili uweze kuchezwa kwa muda mfupi, na fursa hiyo ndiyo ya kunakili. Hewa ya Mombasa au Lamu mara nyingi ina unyevu unaozidi asilimia 70, na kanda zilizowekwa katika vyumba vya kawaida huko zimeishi katika hali hiyo mwaka hata mwaka.

Udhaifu wa pili ni mtambo. Ukanda hausomeki kwa jicho wala kwa lenzi. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na shirika la kimataifa la hifadhi za sauti na picha liitwalo IASA, walitoa tahadhari kwamba baada ya mwaka 2025 hivi huenda isiwezekane tena kuzinakili kanda kwa njia ya kawaida, kwa sababu mitambo, vipuri na mafundi vinatoweka. Mwaka huo umeshatufikia. Kwa idara yenye kaseti za watu waliokwisha kufariki hili si suala la nadharia. Mzee aliyerekodiwa mwaka 1978 hawezi kurekodiwa tena.

4. Zama za kompyuta

Ukanda wa sumaku ulikuwa miongoni mwa vyombo vya mwanzo vya data za kompyuta pia. Kompyuta ya UNIVAC ya mwaka 1951 ilitumia kanda za chuma, na mwaka 1956 IBM ikatoa diski ngumu ya kwanza iliyoitwa RAMAC, yenye sahani 50 zilizoweza kubeba herufi milioni 5. Utendi wa beti 1,000 una herufi 80,000 hivi, kwa hiyo mtambo huo mkubwa kama kabati ungebeba tendi 60 na ushei. Tangu hapo ukubwa umeongezeka kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana, na bei imeshuka. Kilichosahauliwa ni kwamba umri wa chombo haukuongezeka. Diski laini ilianza kuuzwa mwaka 1971, na mwaka 2011 Sony, iliyokuwa mmoja wa watengenezaji wake wakubwa, ikaacha kuiuza Japani. Miaka 40 yatosha kwa kazi ya afisini. Kwa hifadhi ni muda mfupi kuliko ule ambao mashairi ya Muyaka yalikaa katika vichwa vya wazee wa Mombasa.

Mfano unaofundisha zaidi unatoka Uingereza. Mwaka 1085 mfalme wa Kinormani aliamuru nchi yote ihesabiwe, na mwaka 1086 hesabu hiyo ikaandikwa juu ya ngozi katika kitabu kiitwacho Domesday. Mwaka 1986, kwa kuadhimisha miaka 900, shirika la BBC lilifanya hesabu mpya ambayo zaidi ya watu milioni 1 walishiriki, wengi wao wakiwa watoto wa shule. Matokeo yaliwekwa katika sahani za leza, ambazo zilisomwa kwa mtambo maalumu wa Philips uliounganishwa na kompyuta ya BBC Master. Gharama ilikuwa paundi milioni 2.5 hivi. Haikupita miaka 20 kabla ya mitambo hiyo kuwa nadra kiasi cha kuwatia watu wasiwasi kwamba data zitapotea. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha programu iliyoiga mtambo wa zamani ndani ya kompyuta mpya, na data zikasomeka. Wakati huo wote kitabu cha mwaka 1086 kilikuwa kikifunguliwa na kusomwa na yeyote aliyejua Kilatini chake. Sahani za mwaka 1986 hazikuoza. Zilipoteza msomaji, kama vile mswada wa hati za Kiarabu unavyompoteza msomaji katika chumba kilichojaa wasomi.

Tuviangalie sasa vyombo ambavyo idara huviwaza zaidi. Sahani ya CD ilitolewa mwaka 1982, na ile ya kujirekodia ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo. Wengi waliipokea kama chombo cha milele kwa kuwa haikuguswa na sindano. Kumbe ile ya kujirekodia huhifadhi data katika tabaka la rangi ambayo hufifia kwa mwanga na joto, na uimara wake hutofautiana mno kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Baadaye ilikuja M-DISC, sahani ambayo tabaka lake linafanana na jiwe na ambayo ilitangazwa kuwa itadumu miaka 1,000. Ni kweli kwamba tabaka la namna hiyo haliathiriwi na mwanga kama rangi. Lakini kampuni ya Millenniata iliyoibuni ilifilisika mwaka 2016, na kompyuta nyingi mpya hazina tena mtambo wa kusomea sahani. Sahani ya miaka 1,000 inayosomwa kwa mtambo usiouzwa ina umri wa mtambo ule wa mwisho utakaobaki kufanya kazi.

Vijiti vya flashi na diski zisizo na sehemu inayozunguka hufungia chaji ya umeme katika vijumba vidogo mno. Chaji hiyo huvuja polepole, na huvuja upesi zaidi katika joto na katika chombo kilichoandikwa mara nyingi. Ni vyombo vizuri vya kusafirishia, na havifai kuachwa katika droo kwa miaka 10 bila umeme. Diski ngumu ya kawaida ina bei nafuu kwa kila terabaiti na husomwa na kompyuta yoyote, ila ina sehemu zinazozunguka ambazo huchakaa au kuganda, kwa hiyo umri wake wa kutumainiwa ni miaka michache tu. Ukanda wa LTO, ambao ulianza mwaka 2000, ni mjukuu wa kanda za zamani. Watengenezaji huukadiria umri wa miaka 30 ukiwekwa katika hewa baridi na kavu, nao ukiwa umetolewa katika mtambo haulipuliwi na umeme wala hauguswi na virusi vya kompyuta. Udhaifu wake ni vizazi. Mitambo ya kizazi cha 8 husoma kanda za kizazi cha 7 na cha 8 tu. Mwenye ukanda wa mwaka 2005 na asiye na mtambo wa miaka hiyo yuko karibu sana na hali ya mwenye kaseti.

5. Vipimo vya kuchagulia

Kutokana na historia hii yaonekana kwamba kuuliza chombo kipi hudumu kuliko vyote ni kuuliza robo tu ya swali. Napendekeza vipimo vinne.

Kipimo cha kwanza ni unakilikaji. Chombo kizuri ni kile ambacho yaliyomo yanaweza kuhamishwa yote, upesi, na bila ya kupungua. Hapa data za kidijitali zina faida kubwa kuliko chombo chochote cha zamani. Nakala ya kaseti hupoteza ubora kila inaponakiliwa, na mnakili wa mkono huchoka. Lakini nakala ya faili ni sawa na asili yake, ikiwa imehakikiwa.

Kipimo cha pili ni uhakiki. Kile ambacho mtunzi wa utendi alikifanya kwa kutaja idadi ya beti, kompyuta hukifanya kwa hesabu ya uhakiki. Mbinu ya SHA-256, iliyotolewa mwaka 2001, hulipa kila faili alama ya herufi na tarakimu 64. Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, alama hutoka tofauti kabisa. Mtunzaji anayeziandika alama hizo leo na kuzilinganisha kila mwaka atajua ni faili gani imeharibika, na ataibadilisha kwa nakala nzima kabla nakala hiyo nayo haijaharibika. Bila ya uhakiki huo nakala 3 zinaweza kuwa nakala 3 za kosa moja.

Kipimo cha tatu ni usomekaji. Maandishi yawekwe katika fomati zilizo wazi, ambazo kanuni zake zimechapishwa na hazitegemei programu ya kampuni moja. Matini ya kawaida katika Yunikodi, ambayo huzipokea hati za Kilatini na za Kiarabu pamoja, hutosha kwa kazi nyingi. Kwa sauti, IASA hushauri fomati ya WAV isiyobanwa, kwa kiwango kisichopungua kilohezi 48 na biti 24. Kwa kiwango hicho saa moja ya sauti ya njia mbili huchukua gigabaiti 1 hivi, yaani sahani moja ya CD haiwezi kuibeba, ilhali saa 1,000 zaingia katika diski ngumu ya terabaiti 2 na nafasi ikabaki. Pamoja na faili yawekwe maelezo: nani alisema, wapi, lini, kwa lahaja gani, na kwa idhini ipi. Sauti isiyo na maelezo ni mswada usio na msomaji.

Kipimo cha nne ni utengano. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulitoka mlimani na kuiteketeza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya vitabu na filamu za mkusanyo wake wa Afrika ikaungua. Hakuna chombo kinachohimili moto wa namna hiyo, kiwe cha jiwe au cha dhahabu. Nakala zilizomo katika jengo moja ni nakala moja kwa mujibu wa moto. Barua za Kilwa zipo kwa sababu zilitoka Kilwa.

6. Pendekezo kwa idara

Kwa vipimo hivyo, jibu langu ni hili. Kila mkusanyo uwe na nakala 3: mbili katika diski ngumu zilizotoka kwa watengenezaji wawili tofauti, ili kasoro ya kiwanda isiziue pamoja, na ya tatu katika ukanda wa LTO au, kama idara haina uwezo wa kuununua mtambo, katika hifadhi ya chuo kingine kwa makubaliano ya kupokezana. Nakala moja iwekwe nje ya mji. Flashi zitumike kwa safari tu, na CD za zamani zinakiliwe mwaka huu, si mwakani. Diski zibadilishwe kila baada ya miaka 5 hata kama bado zinafanya kazi, na gharama hiyo iingizwe katika bajeti ya kawaida kama karatasi na umeme. Tendi na matini nyingine fupi zichapishwe pia kwenye karatasi isiyo na asidi. Kwa kuwa utendi wa beti 1,000 ni kurasa zisizozidi 50 hivi, hakuna sababu ya kuinyima karatasi nafasi iliyoipata kwa miaka 300.

Atakayesema kwamba hifadhi za intaneti zinazolipiwa kwa mwezi zimetuondolea mzigo huu, na akumbuke kwamba nazo ni diski na kanda za mtu mwingine, na kwamba malipo yakikatika faili hufutwa. Zinafaa kuwa nakala ya nne. Vilevile, miswada inayopigwa picha na taasisi za ng'ambo, kama ile ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu iliyopigwa chini ya mpango wa maktaba ya taifa ya Uingereza, irudi kwetu katika nakala kamili zenye hesabu zake za uhakiki. Katika karne ya 19 tulitoa miswada na tukabaki na kumbukumbu. Safari hii pande zote mbili zinaweza kubaki na kitu kile kile.

La mwisho ni la watu. Katika makala haya nimetaja mara nyingi mnakili, kwa kuwa bila yeye vyombo vyote nilivyovitaja vingekwisha kunyamaza. Siyu walikuwa nao, Mombasa alikuwapo Mwalimu Sikujua, na Goa walikuwapo makarani ambao majina yao hatuyajui. Idara zetu hununua diski bila ya kumwajiri mtu wa kuzinakili. Napendekeza kwamba cheo cha mtunza matini na sauti kiandikwe katika muundo wa kila idara, apewe wajibu wa kuhakiki kila mwaka na kunakili kila miaka 5, na ripoti yake isomwe katika kikao cha idara kama zisomwavyo ripoti za mitihani. Kazi yake ya kwanza iwe orodha: kaseti ngapi zimo kabatini, za nani, za mwaka gani, na zipi zimeanza kunata. Orodha hiyo haihitaji fedha wala mtambo. Yaweza kuanza wiki ijayo kwa kalamu na daftari, nayo ndiyo itakayotuambia ni sauti zipi zinazohitaji kunakiliwa kwanza.